Tendi 801 kwenye kaseti: kisa cha hơmon za Wabahnar

Kuanzia mwaka 2001 hadi 2007 Vietnam iliendesha mradi mkubwa wa kukusanya tendi za Nyanda za Juu za Kati, eneo la milima linalopakana na Laos na Kambodia. Watafiti kutoka Hanoi, wakisaidiana na maofisa utamaduni wa mikoa, walizunguka vijijini na vinasa sauti. Walikusanya tendi 801 katika kaseti zaidi ya 5,600 za dakika 90. Kati ya hizo, 75 zilichapishwa katika majuzuu 62. Ukipiga hesabu, hizo ni zaidi ya saa 8,400 za sauti, wastani wa saa kumi na ushei kwa kila utendi. Mtu akiamua kuzisikiliza saa nane kwa siku, Jumapili asipumzike, itamchukua karibu miaka mitatu.

Sehemu kubwa ya majuzuu hayo ni ya makabila mawili, Wamnong na Wabahnar. Hapa nitawashika Wabahnar peke yao, ambao huuita utendi wao hơmon, kwa sababu kwao mafanikio ya mradi na mapungufu yake vinakaa karibukaribu mno kiasi kwamba huwezi kuusifu bila kuona pale ulipokwama. Jinsi ninavyokisoma kisa hiki, mradi ulifanikiwa katika kile ulichojipangia, na bado haukugusa kinachoziua tendi zenyewe. Ulihifadhi maneno. Usiku wa kuyasikiliza ulikuwa unaliwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa shambani.

Mtu na mkeka wake

Wabahnar ni watu wapatao 287,000 kwa sensa ya mwaka 2019. Wengi wanaishi Kon Tum na Gia Lai (mikoa kama ilivyokuwa kabla ya kuunganishwa mwaka 2025), wengine kwenye miteremko inayoshuka kuelekea pwani, Bình Định na Phú Yên. Lugha yao ina undugu na Kikhmer cha Kambodia. Majirani zao Wajarai na Waede wanazungumza lugha za ukoo mwingine kabisa, ukoo mmoja na Kimalei na, kwa mbali sana, Kimalagasi. Hata hivyo majirani hawa wote wana tendi ndefu, na mashujaa wao wanafanana kiasi cha kuweza kuazimana ngao.

Usiku wa hơmon huwa hivi. Watu wamerudi kutoka shambani, wamekula. Wanakusanyika nyumbani kwa mtu au kwenye rông, nyumba ya kijiji ambayo paa lake la nyasi limesimama juu kama bapa la shoka. Kuna moto, na mara nyingi kuna mtungi wa pombe ya mchele inayonywewa kwa mirija mirefu. Mtambaji hakai katikati. Anajilaza chali kwenye mkeka, pembeni, mahali ambapo mwanga wa moto haufiki vizuri, anaweka mkono juu ya paji la uso na kuanza. Hana ala yoyote ya muziki, wala patu za shaba ambazo Wabahnar hawazikosi katika sherehe zao. Ni sauti tupu. Mara inasimulia kama mtu anayepiga soga, mara inapanda na kuwa wimbo, kisha inabadilika kulingana na anayesema: binti anayejidai, mzee anayelalamika, shujaa anayemtukana adui yake kabla ya kumpiga. Ikifika usiku wa manane anakatisha, watu wanakwenda kulala, na kesho yake anaendelea pale alipoishia. Utendi mmoja unaweza kula usiku kadhaa.

Sisi tuliosoma fasihi simulizi katika shule za Afrika Mashariki tumefundishwa kwamba utendaji ni ishara za uso, miondoko ya mwili, maleba, na fanani kushirikisha hadhira kwa macho. Hơmon inatupa nje orodha hiyo yote. Fanani amelala, hasogei, na hadhira haimwoni. Kila kitu kimeachiwa sikio, na giza ni sehemu ya vifaa vya kazi. Nimelikazia hili kwa sababu litarudi tukifika kwenye jukwaa.

Giông ni mmoja au ni wengi?

Katika vitabu vilivyotoka, jina linalojirudia kupita yote ni Giông. Kuna utendi wa Giông na mdogo wake Giớ wakiwa yatima tangu utotoni. Kuna Giông maskini mwenye wake wanane. Kuna Giông aliyeibwa na simbamarara akiwa mdogo, Giông anayejenga nyumba ya kaburi, Giông anayekwea muwa wa miungu, Giông anayemwokoa binti aitwaye Rang Hu. Kuna mwingine ambamo Bia Phu anamwacha Giông, na mwingine ambamo Tre Vắt anamwonea kijicho. (Bia ni cheo cha heshima cha mwanamke kijana katika tendi hizi, karibu kila mrembo anaanza nacho.)

Usitafute mpangilio wa wasifu humo. Hakuna anayeshughulika kueleza ni lini yatima alipata wake, au kama ulikuwa ni kabla ya muwa au baada yake. Kila utendi unaanza na Giông ambaye msikilizaji tayari anamjua: anajua ana nguvu, anajua ana mdogo wake, anajua mbinguni wapo Bok Kơi Dơi na Ia Kon Keh, wakuu wa miungu, na yupo Bok Glaih, babu wa radi, mwenye kelele na hasira za karibu. Anajua kwamba vita itapigwa angani, wapiganaji wakirukia ngao zao na kupaa, na kwamba vita hiyo haitakuwa ya kuteka nchi. Itakuwa ya mwanamke aliyechukuliwa, kisasi, au wivu wa mtu asiyevumilia mwenzake kusifiwa. Anajua pia kwamba binti mrembo atakapopita mapaja yake yatamulika kama umeme, kwa maneno yaleyale aliyoyasikia mwaka jana, na atafurahi kuyasikia tena.

Kwa hiyo ukiuliza Wabahnar wana tendi ngapi, umeuliza swali gumu kuliko linavyoonekana. Wana utendi mmoja wa Giông wenye milango mingi? Au wana tendi nyingi zinazomchangia Giông? Wataalamu wa Vietnam waliliona jambo hili mapema, na wakaanza kuzungumzia tendi za mfululizo, ambazo kila kipande kinajitegemea lakini kinaishi ndani ya ulimwengu mmoja. Lakini mradi unaopewa fedha unatakiwa kuleta idadi, na idadi inataka vitu vinavyohesabika. Wimbo mmoja, faili moja, kitabu kimoja. Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye 801.

Tatizo hili si la Vietnam peke yake. Mwaka 1956, mashariki ya Kongo, mtafiti Daniel Biebuyck alimpata mtambaji wa Kinyanga, Candi Rureke, aliyemsimulia utendi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili mfululizo. Baadaye ilieleweka kutokana na maneno ya Rureke mwenyewe kwamba hakuwahi kabla ya hapo kuusimulia wote kwa mpigo namna ile. Desturi ilikuwa kuchukua kipande, kulingana na siku na watu waliopo. Kitabu kilichotoka ni kizuri sana, na Rureke anastahili kila sifa aliyopewa, ila “utendi mzima wa Mwindo” kama kitu kimoja kilichonyooka tangu mwanzo hadi mwisho ulizaliwa siku mtafiti alipofungua daftari. Kwa Wabahnar mambo yalikwenda kinyume chake: ulimwengu mmoja wa Giông ulikatwakatwa ukawa majuzuu, kila moja na jalada lake.

Jambo hili lina uzito hata nje ya chuo kikuu. Msomaji anayeanza na juzuu moja bila ulimwengu ule kichwani anakutana na shujaa asiyetambulishwa, maadui wanaotokea bila sababu, na sifa za urembo zinazojirudia hadi zinachosha. Atakiweka kitabu chini na kusema tendi hizi hazina mpangilio. Mpangilio upo, ila uko kwenye kumbukumbu ya kijiji, na kumbukumbu ya kijiji haikuchapwa.

Kazi ilivyofanyika

Wasomi walichelewa kuwafikia Wabahnar. Utendi wa kwanza wa nyanda hizi kujulikana duniani ulikuwa wa Waede, ule wa Đăm Săn, ambao Léopold Sabatier, mtawala wa Kifaransa wa Đắk Lắk, aliuchapisha Paris mwaka 1927. Mwaka 1937 ndugu wawili wa Kivietnam, Nguyễn Kinh Chi na Nguyễn Đổng Chi, walitoa kitabu juu ya Wabahnar wa Kon Tum, lakini kilikuwa cha mila na maisha. Hadi miaka ya 1980 tendi za Kibahnar zilizokuwa zimechapwa zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Unaojulikana zaidi ni wa Dăm Noi. Wengi waliamini nyanda zile zina tendi chache tu, labda makumi.

Kilichorahisisha kazi ni kwamba Kibahnar kilikuwa na maandishi. Wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa walifika Kon Tum karibu na mwaka 1850, wakaiandika lugha kwa herufi za Kilatini. Kamusi ya Padri Pierre Dourisboure ilichapishwa mwaka 1889. Kwa hiyo watafiti walipokuja na kaseti zao walikuta Wabahnar wanaoweza kusikiliza na kuandika. Mnukuzi huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika mnyororo, na ndiye anayesahaulika. Mtambaji anaimba. Mnukuzi anakaa na kaseti, anabonyeza, anasimamisha, anarudisha nyuma, anaandika Kibahnar neno kwa neno, pamoja na maneno ya zamani ambayo vijana hawayasemi tena. Kisha inakuja tafsiri ya Kivietnam. Mjini Kon Tum mtu mmoja, A Jar, Mbahnar wa tawi la Rơngao, alibeba sehemu kubwa ya unukuzi na tafsiri hiyo. Upande wa watambaji jina la A Lưu wa Kon Klor, kijiji kilicho kando ya mto Đăk Bla, lilijulikana mbali kwa wingi wa hơmon alizokuwa nazo kichwani. Msomaji wa Hanoi anayefungua juzuu leo anawasikia watu wa aina hii wawili kwa pamoja, sauti ya mmoja kupitia mkono wa mwingine.

Kaseti nayo ina tabia zake. Ya dakika 90 ina pande mbili za dakika 45. Maana yake ni kwamba kila baada ya dakika 45 lazima mtu ageuze, na mtambaji aliyezoea kusimama pale wasikilizaji wanapoanza kusinzia sasa anasimama pale utepe unapokwisha. Mkutano wenyewe umebadilika: mbele yake yupo mtafiti asiyejua lugha, anayetaka utendi mzima, kwa ukamilifu, bila kuruka. Kwa kawaida mtambaji huruka. Hufupisha vita watu wakichoka, hurefusha matusi watu wakicheka. Kilichonaswa ni toleo la mtu anayefanya mtihani, akijibu maswali yote.

Nasema hivi bila kuudharau mradi. Watambaji wengi walikuwa wazee, na mzee wa hơmon akifa bila kurekodiwa hakuna pa kwenda kuomba nakala. Wanaoubeza mradi kwamba uligeuza sauti kuwa karatasi wajibu kwanza swali hili: wangependelea nini, kaburi? Wasomi waliodhani kuna makumi walikuta mamia. Vitabu vyenyewe vimechapwa kwa lugha mbili, Kibahnar na Kivietnam, jambo ambalo miradi mingi ya aina hii, hata ya kwetu, huliruka kwa kisingizio cha gharama. Mwaka 2014 hơmon za Wabahnar wa Kon Tum na Gia Lai ziliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka 2015 serikali ilianza kuwatunuku mafundi wa urithi huo vyeo vya heshima, na amri nyingine ya mwaka huohuo ikaweka posho ya mwezi kwa wale wenye kipato duni. Kwenye karatasi kila kitu kimefanyika.

Kahawa na usiku

Sasa tutoke ofisini twende shambani, maana huko ndiko nadhani jibu liliko.

Kilimo cha zamani cha Wabahnar kilikuwa mpunga wa mlimani: unafyeka, unachoma, mvua zikianza unapanda, mwisho wa mwaka unavuna. Mavuno yakishaingia ghalani unafuata msimu wa mapumziko, miezi ya kiangazi kuanzia mwisho wa mwaka hadi kuelekea Machi na Aprili. Wenyewe wanauita ning nơng. Hiyo ndiyo miezi ya sherehe: nyati anachinjwa, patu zinapigwa, nyumba zinajengwa, wafu wanaagwa kwa mara ya mwisho. Na usiku wake ni mrefu na hauna kazi. Wakati mpunga unapokomaa kulikuwa pia na usiku wa kulinda shamba, watu wakilala kwenye vibanda mbali na kijiji, bila cha kufanya ila kukaa macho na kusikiliza.

Baada ya mwaka 1975 serikali ilihimiza makazi ya kudumu na kilimo cha sehemu moja, na ikaleta watu wengi kutoka mabondeni. Eneo lote lililokuwa na watu kama milioni 1.2 mwaka 1976 lilikuwa na milioni 5.8 mwaka 2019. Msitu ukawa mashamba ya kahawa na mpira. Bwawa la umeme la Yaly kwenye mto Sê San, la megawati 720, lilianza kujengwa mwaka 1993 na kuhamisha vijiji vya Wajarai na Wabahnar. Vijiji vingi vilipata umeme, barabara na televisheni.

Kila anayeandika juu ya kufifia kwa hơmon huitaja televisheni. Mimi naiona televisheni kama mshtakiwa rahisi. Angalia badala yake kalenda ya kahawa. Kahawa ya nyanda hizi, robusta, huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Januari hadi Machi, katikati ya kiangazi, lazima inyweshwe maji ili ichanue na kushika matunda. Pampu zinaunguruma mchana na usiku, na watu wanapokezana kuhamisha mipira ya maji kutoka mche hadi mche. Msimu ule mzima wa ning nơng umekaliwa. Mti wa mpira nao hugemwa usiku wa manane kuelekea alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa sababu utomvu hutoka vizuri wakati wa baridi. Mgema anayeamka saa saba au nane za usiku hawezi kukaa kusikiliza Giông hadi saa sita. Hata angependa, mwili umekataa.

Usiku uliokuwa mtupu umejazwa kazi, na mkulima huyu hakuchagua kati ya Giông na televisheni. Alichagua kati ya Giông na kulipa deni la mbolea.

Pili, kuna yale yanayosimuliwa. Chukua utendi wa Giông anayejenga nyumba ya kaburi. Kwa desturi, Wabahnar humtunza marehemu kaburini kwa muda, wanampelekea chakula, kisha siku moja wanafanya sherehe kubwa ya kuliacha kaburi: nyumba mpya ya kaburi, sanamu za mbao zilizochongwa kuizunguka, nyati, patu, pombe. Baada ya hapo hawarudi tena. Msikilizaji aliyewahi kuchonga sanamu hizo anausikia utendi huo kwa mikono yake. Lakini Wabahnar wengi wa Kon Tum ni Wakatoliki kwa vizazi kadhaa sasa, na wengine wamekuwa Waprotestanti. Ibada ya kuacha kaburi imepungua au imebadilika sura. Kanisa, ambalo ndilo lililowapa Wabahnar herufi za kuandikia tendi zao, limewapunguzia pia baadhi ya mambo ambayo tendi hizo zinayachukulia kuwa ya kila siku. Huwezi kulilaumu upande mmoja ukaacha kulishukuru upande wa pili.

Na tusiruke siasa. Februari 2001, mwaka uleule mradi ulipoanza, maelfu ya wenyeji wa nyanda hizi waliandamana Pleiku na Buôn Ma Thuột wakidai ardhi na uhuru wa kuabudu. Madai yakaenda kwenye ofisi moja, nyimbo zikakusanywa na ofisi nyingine. Kijijini mambo hayo mawili ni jambo moja, kwa sababu ardhi ya kufyeka na kulinda ndiyo iliyokuwa inazaa usiku wa kusimulia. Mradi uliobuniwa na wataalamu wa fasihi usingeweza kurudisha ardhi, hilo nakubali. Ungeweza hata hivyo kuuliza wakati wa kurekodi: mara ya mwisho uliimba hii usiku wote ilikuwa lini, wapi, na nani walikuwepo? Sehemu hiyo ya kumbukumbu ingekuwa na thamani sawa na maneno ya utendi.

Jukwaani

Baada ya orodha ya taifa na vyeo ilikuja sura ya tatu ya hơmon: tamasha. Mtambaji anavalishwa nguo za kufumwa, anaketi au anasimama mbele ya kipaza sauti chini ya taa, na anapewa dakika chache. Mara nyingine anazungukwa na vijana wanaoigiza vita kwa ngao za mbao. Watalii wanapiga picha, mwamuzi anaandika alama.

Rudi kwenye ule mkeka. Giza limeondolewa, kulala kumeondolewa, muda umeondolewa, na uso uliokuwa umefichwa sasa ndio unaotazamwa. Dakika kumi za hơmon ni kama kuonja pombe kwa ncha ya mrija. Kwa mtoto wa Kibahnar anayeuona utendi kwa mara ya kwanza namna hiyo, Giông anakuwa mtu wa sherehe za serikali, mwenye mavazi, anayetoka mara moja kwa mwaka. Naelewa kwa nini maofisa wanapenda tamasha: lina picha, lina ripoti, lina tarehe ya kuanza na kumaliza. Lakini kati ya kaseti iliyolala stoo Hanoi na tamasha la dakika kumi, naona kaseti ina ukweli zaidi. Angalau ndani yake mzee anapumua kwa kasi yake.

Shule nazo hazijasaidia sana. Masomo ni kwa Kivietnam. Utendi unaojulikana na wanafunzi wa nchi nzima ni ule wa Đăm Săn, kipande kifupi kwa tafsiri, na huo ni wa Waede. Mtoto wa Kon Tum anaweza kumaliza sekondari anamjua shujaa wa jirani kuliko wa kwao.

Kilichowezekana, na bado kinawezekana

Vietnam ina redio inayotangaza kwa Kibahnar. Redio ya taifa, kupitia idhaa yake ya makabila, VOV4, ina vipindi vya Kibahnar, Kiede, Kijarai, Kisedang na Kimnong. Sasa fikiria masharti ya hơmon: sauti tupu, giza, msikilizaji ambaye macho yake hayana kazi, utendi unaokatishwa leo na kuendelea kesho. Sijaona chombo kinacholingana na masharti hayo kama redio. Mtu anayehamisha bomba la maji kwenye kahawa saa nne za usiku, au anayegema mpira saa nane za usiku na taa kichwani, hawezi kushika juzuu wala kutazama jukwaa. Masikio yake yako wazi. Kaseti zimeshatolewa jasho, zimelipiwa, na nyingi zina sauti ambazo wenyewe hawapo tena. Dakika 45 za upande mmoja wa kaseti ni karibu kipindi kizima cha redio. Leo hata redio yenyewe si lazima. Kadi ndogo ya kumbukumbu kwenye simu inabeba tendi kadhaa.

Kikwazo ambacho wasomi wataleta ni ubora: kuna mbwa wanabweka, kuna mtoto analia, kuna mtafiti anakohoa, mtambaji amekosea akarudia. Mimi ningeviacha vyote. Hata usiku wa kweli ulikuwa na mbwa.

Jambo la pili ni kuacha kudai utendi mzima. Kijana anayetaka kujifunza akiambiwa ashike kichwani saa kumi za Giông atakimbia, na ana haki. Watambaji wenyewe hawakuanza hivyo. Walianza kwa kulala karibu na babu, wakashika sifa za binti, wakashika matusi ya kabla ya vita, wakashika jinsi ngao inavyopaa, na siku moja wakaanza kuunganisha. Fomula hizo ndizo matofali, na zinajirudia katika utendi baada ya utendi. Madarasa yanayofunguliwa vijijini yangeanza na matofali hayo, kisha yamwache kijana ajenge Giông wake, hata kama hatafanana na wa juzuu. Hapa majuzuu 62 yanaweza kuleta madhara bila kukusudia: likishakuwepo toleo lililochapwa na serikali, mtambaji anayebadilisha anaonekana amekosea. Zamani alionekana ni fundi.

Kuna suala la mwisho, la kiofisi. Tarehe 1 Julai 2025 Vietnam iliunganisha mikoa. Kon Tum imeingizwa Quảng Ngãi, na Gia Lai imeunganishwa na Bình Định, makao makuu yakiwa Quy Nhơn, mji wa pwani. Faili za urithi wa hơmon zilizoandikwa kwa jina la mikoa miwili ya milimani sasa ziko chini ya ofisi zilizo ufukweni. Kutoka Kon Tum hadi mji wa Quảng Ngãi ni karibu kilomita 200 za barabara ya milima. Maofisa wapya watapokea orodha ya watambaji wenye vyeo, na wengi katika orodha hiyo ni wazee. Kabla ya kupanga tamasha lingine, waanze kwa kupanda gari hadi vijiji hivyo na nakala za sauti, kila familia ipewe hơmon za mzee wake, na waulize ni saa ngapi usiku watu wa kijiji hicho huwa hawana kazi. Wakipata jibu, wampigie simu mtu wa VOV4.